Funga ndoana ya trauti na besi: fundo kwanza, mto baadaye

Karibuni, wavuvi wenzangu. Leo mnaniona mezani, sipo mtoni. Ni usiku wa kuamkia safari, na samaki wengi niliowahi kuwakosa sikuwakosea mtoni. Niliwakosea hapa hapa mezani, nikiwa na haraka ya kwenda kulala.

Nina fimbo mbili. Hii nyembamba, inayonepa kama unyasi, ni ya trauti. Hii yenye ugumu kidogo ni ya besi. Kuna mtu aliniandikia, "Basi gani hilo, linakwenda wapi?" Ndugu yangu, sizungumzii gari, nazungumzia samaki mwenye domo utadhani ameazima kwa mkubwa wake. Wote wawili tunawaita samaki wa maji baridi, maana hawakai baharini kwenye chumvi, lakini trauti anayataka baridi kwelikweli. Nyuzi 10 hadi 16 hivi ndipo anachangamka. Mpeleke besi kwenye baridi hiyo, atakaa chini kama mtu aliyefunikwa blanketi. Yeye anaanza kuchangamka yanapofika nyuzi 18 kwenda juu. Kwa hiyo ukibeba kipimajoto cha maji, umeshajua nusu ya mambo kabla hujarusha.

Anayeshika kamera ni mdogo wangu. Picha ikitikisika, lawama zote kwake.

Tuanze na rili, kile kifaa cha kuzungushia mshipi. Mshipi wa trauti natumia wa kuhimili kilo 2, wa besi kilo 5. Kabla hujafunga chochote kwenye bobini, yaani kigurudumu kinachobeba mshipi, fungua huu upinde wa waya. Ufungue kwanza! Ukisahau, utafunga fundo lako zuri, utauinamisha upinde, halafu utagundua mshipi umepita nje na hauzungushi kitu. Utakata, utaanza upya, na hapo hakuna wa kumlaumu.

Roli ya mshipi mpya ilaze chini sakafuni, lebo ikitazama juu. Shika mshipi kwa kitambaa chenye unyevu, ubane kiasi, zungusha mara 20, halafu simama. Sogeza fimbo karibu na roli ili mshipi ulegee. Tazama hapa... dogo, hapa chini, huko ni kwenye zulia. Haya. Mnaona ulivyojisokota? Maana yake unaingia kwa upande usio wake. Geuza roli, lebo itazame chini, endelea. Sasa umelala kimya. Ni jambo dogo, lakini mshipi uliosokotwa tangu nyumbani utakufungia vijifundo mtoni siku nzima, na utasema ni uchawi.

Jaza mpaka zibaki milimita 2 au 3 kabla ya ukingo wa bobini. Ukijaza pomoni, ukirusha tu mshipi unamwagika kama tambi. Ukijaza kidogo, mrusho unakufa njiani.

Kupitisha mshipi kwenye vipete vya fimbo sikuoneshi, kila mtu anajua. Pitisha, pitisha, pitisha, umemaliza.

Breki ya rili. Hapa watu wengi wanavuta kwa mkono na kusema "naona inatosha." Mkono unadanganya. Mshipi wa kilo 5, breki ianze kuteleza, yaani kuachia mshipi, kwenye kilo 1 na robo hivi, yaani robo ya nguvu yake. Chukua chupa ya maji ya lita moja, ijaze, ifunge kwenye ncha ya mshipi, inua kwa fimbo. Lita moja ya maji ni kilo moja, huhitaji mizani. Ikinyanyuka bila breki kuteleza, ning'iniza pamoja nayo mfuko wenye maji kidogo, jaribu tena. Hii ya trauti, mshipi wa kilo 2, weka nusu chupa tu. Haya, nainua... ngoja. Ngoja kwanza. Mbona mshipi unakwaruza fimbo?

Nimeruka kipete. Cha tatu kutoka juu. Mmeona? Mimi niliyesema kila mtu anajua. Dogo anacheka, na wala hatakata sehemu hii. Nafungua chupa, natoa, napitisha upya. Basi nanyi hesabuni vipete kabla ya kufunga kitu mwishoni. Vyangu ni saba. Sasa vimetimia saba.

Tumefika kwenye fundo. Zima redio, weka simu mbali.

Mafundo yako mengi na kila mvuvi ana lake. Mimi natumia fundo la Palomar kwa karibu kila kitu, kwa sababu mtu anaweza kulifunga gizani vidole vikiwa vimekufa ganzi. Kunja mshipi uwe mara mbili, kama urefu wa kiganja na nusu. Kile kitanzi kipitishe kwenye tundu la ndoana. Sasa ndoana inaning'inia katikati. Funga fundo la kawaida kabisa, kama unaanza kufunga kamba za viatu, lakini kwa mshipi ule uliokunjwa. Usikaze. Usikaze bado! Kisha shika kile kitanzi, kifungue, ipitishe ndoana nzima ndani yake, kirudi juu ya tundu.

Sogeza kamera. Zaidi. Naona kidole changu kimejaa kioo kizima. Rudi nyuma kidogo. Hapo.

Sasa, kabla ya kuvuta: mate. Lowesha fundo kwa mate. Ukiona kinyaa, chovya kwenye maji, fundo halichagui. Mshipi wa nailoni ukijisugua mkavu unapata joto, na joto linaudhoofisha palepale unapoutegemea. Hutaona kitu kwa macho. Utakuwa unaona fundo zima, kumbe mshipi umeshakatika nusu.

Nilikuwa sijali habari hiyo. Siku moja asubuhi nilikuwa na haraka, samaki wanaruka mbele yangu, nikafunga mkavu na kuvuta kwa nguvu zote. Mrusho wa tatu alikuja besi ambaye mpaka leo sijampata wa kumfikia. Alitoka majini, akatikisa kichwa mara moja, mshipi ukalegea. Nikauvuta. Ncha yake ilikuwa imejiviringa kama springi ya kalamu. Jueni alama hiyo: ncha iliyojiviringa ni fundo lililoteleza, kosa lako. Ncha iliyokatika ikiwa na manyoya manyoya ni mshipi uliosuguliwa na jiwe au gogo. Yangu ilikuwa springi. Niliiweka mfukoni wiki nzima.

Kwa hiyo: mate. Halafu vuta taratibu, mshipi mkuu na ncha fupi kwa pamoja, huku ndoana umeishika kwa koleo, si kwa vidole. Tazameni kitanzi kinavyoshuka na kukaa juu ya tundu. Kikikwama kwenye shingo ya ndoana kikalala upande, usijifariji. Kata. Funga upya. Mikunjo ikipandana, kata. Likikaa vizuri, vuta kwa nguvu mara moja ujaribu. Afadhali likatike mezani. Ncha ikate ubaki milimita 3 hivi. Usikate ukaligusa fundo.

Nafunga la pili mlione kwa haraka. Kunja, pitisha, fundo, ndoana ndani, vuta... Sikulowesha. Dogo, uliona? Sikulowesha! Nazungumza na mikono inaendelea na tabia zake. Kata hilo. Tunarudia. Kunja, pitisha, fundo, ndoana ndani, mate, vuta. Hivyo.

Kwa trauti nimemaliza karibu yote. Mwishoni naweka swiveli, kale kachuma kanakozunguka, kisha sentimita 50 za mshipi mwembamba zaidi, kisha spina ndogo ya gramu 3, ile yenye kibapa kinachozunguka. Bila swiveli spina itausokota mshipi wote, na ile kazi ya roli sakafuni itakuwa bure. Rangi? Maji maangavu napenda ya fedha, yakichafuka naweka ya dhahabu. Kuna watu watabishana nami hapa, wabishane.

Tukija kwa besi, ndio ninapopapenda, nyungunyungu wa plastiki. Walianza kuuzwa Marekani tangu miaka ya 1950 na hadi leo besi hawajajifunza. Tunamfunga kwa mtindo wa Texas ili ndoana isinase majanini. Kwanza chubwi yenye umbo la risasi, gramu 5 au 7, ncha iliyochongoka ikitazama fimbo. Kisha ndoana yenye kona shingoni, kwa fundo lile lile, mate yale yale.

Chomeka ncha ya ndoana katikati kabisa ya kichwa cha nyungunyungu, iingie nusu sentimita, itokee ubavuni. Msukume mpaka kichwa kikae kwenye kona. Geuza ndoana, ncha imtazame. Sasa usichomeke tu kwa kukisia! Laza ndoana pembeni yake, aning'inie wima, uone mwili unakutana wapi na lile pindo la chini. Weka alama kwa ukucha. Hapo, kwenye alama, chomeka uvuke mwili. Kisha ncha ifiche juu kidogo ndani ya ngozi, iwe kama imelala.

Mwinue. Amenyooka? Huyu wangu ana kibiongo. Mnaona hapo kati? Nimechomeka mbele mno. Akiingia majini atazunguka kama feni, na besi hali feni. Mtoe, mchomeke nyuma kwa milimita chache. Sasa amenyooka kama rula. Hapa ndipo wengi wanaona uvivu: "atanyooka majini." Hatanyooka.

Haya, tumefika majini, kesho yake alfajiri. Kibali na msimu, kila maji yana sheria yake, isomeni kabla ya kufika. Kamera iko kifuani, hivyo mtaona mikono tu na pua yangu mara moja moja.

Trauti anasimama akitazama maji yanakotoka, maana chakula kinaletwa na mkondo. Basi mfikie kwa nyuma, polepole, usikanyage mawe kwa kishindo. Tazama lile jiwe kubwa: mbele yake kuna kijisehemu maji yametulia, nyuma yake pia. Rusha juu ya mkondo, kupita jiwe, halafu zungusha haraka kidogo kuliko maji yanavyokuja, la sivyo kibapa hakizunguki na unavuta chuma tu. Akishika, usimvute kwa hasira. Midomo yake ni laini. Inua fimbo, endelea kuzungusha, breki ifanye kazi yake.

Besi ni kinyume. Mtafute kwenye vivuli: gogo lililozama, ukingo wa majani, chini ya gati. Acha nyungunyungu azame mpaka mshipi ulegee, mburute kidogo, msimamishe. Wengi wanashika akiwa anazama, kwa hiyo utazame mshipi. Ukisikia ko-ko kwenye fimbo, au mshipi ukianza kutembea kando wenyewe, shusha ncha ya fimbo, kunja ulegevu wote, ndipo upige kwa nguvu, maana ndoana lazima itoboe plastiki kwanza ndipo ifike mdomoni.

Wanaouliza besi anaweza kufika ukubwa gani: George Perry alimtoa wa kilo 10 na kidogo huko Georgia, Marekani, mwaka 1932. Ilipita miaka 77 ndipo Manabu Kurita alipomtoa mwingine Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Wa Kurita alizidi kwa gramu chache tu, na kwa kuwa kanuni inataka tofauti kubwa zaidi ya hiyo, wote wawili wameandikwa kuwa sawa. Hao nao walifungiwa fundo na mtu.

Amekuja! Trauti. Si mkubwa, lakini ana hasira. Breki inalia, sikilizeni. Usimkimbize... njoo huku... wavu uko mgongoni kwangu, bila shaka, mahali ambapo sifikiki. Haya, kaingia.

Lowesha mikono kabla ya kumgusa, ule utelezi wa ngozi ndio kinga yake. Mwache ndani ya maji, ndoana itoe kwa koleo. Vile vijino vya nyuma ya ncha nilivibana nyumbani, ndiyo maana imetoka kwa kuguswa tu. Mshike chini ya tumbo bila kumbana, kichwa kitazame mkondo, asubiri mpaka aondoke mwenyewe. Besi unaweza kumshika mdomo wa chini, ila akiwa mzito weka mkono wa pili tumboni. Na maji yakipita nyuzi 20, trauti muacheni kabisa siku hiyo. Hewa majini inakuwa haba, atakuponyoka mkononi akiwa hai na kufa baada ya kona ya pili.

Ameondoka. Kabla sijarusha tena, mita ya mwisho ya mshipi naipitisha kati ya vidole viwili. Laini, laini, laini... hapa pana mkwaruzo, kama kapunje ka mchanga. Hapo alipojisugua kwenye jiwe. Nakata juu ya hapo. Kunja, pitisha, fundo, ndoana ndani.

Mate.