Moto Kwanza, Mng'aro Baadaye

Mhadhara kwa mafundi chuma na mafundi ngozi, Nyakato, Mwanza

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, kwamba kisu kipewe ugumu kwa moto na mafuta kabla ya kung'arishwa, na leo nalisema tena, maana kila nikipita Mwaloni naletewa visu vilevile.

Mama mmoja anayepara sangara pale Mwaloni Kirumba aliniletea kisu alichonunua kwa fundi wa hapahapa mjini. Kwa macho utakipenda: bapa linang'aa unajiona uso, mpini wa mninga umepigwa msasa ukalainika, misumari mitatu ya shaba imekaa sawasawa. Akaniambia, "Baba, hiki kisu kinanila hela." Mnajua habari ya bondo, kile kibofu cha hewa tumboni mwa samaki. Sangara mkubwa akipasuliwa, bondo ndilo lenye bei. Ukilitoa zima umepata. Ukilichana, mnunuzi anakushusha bei palepale. Kisu chake kilikata samaki wa kwanza vizuri, kilipogusa mifupa makali yakajikunja. Akikandamiza ili kikate, kinaruka na kuchana bondo. Nikapitisha ukucha kwenye makali: upande huu unateleza, upande wa pili unanasa. Nikachukua tupa. Ikang'ata, unga wa chuma ukamwagika kama vile nasugua nondo. Chuma laini!

Nikamtafuta yule fundi. Kijana mwenye mikono mizuri kweli. Chuma gani hiki? Springi ya gari. Safi kabisa! Springi nyingi za mabapa zina kaboni kama asilimia 0.6, kisu kizuri kinatoka humo. Sasa nisikilizeni alichofanya. Springi ina mpindo, kwa hiyo aliitia kwenye makaa ikawa nyekundu, akainyoosha kwenye fuawe, akaiacha ipoe polepole kwenye majivu. Halafu grinda, msasa, mpini, sokoni. Nikamuuliza, kuchovya kwenye mafuta je? Akanijibu, "Si springi, mzee? Ni ngumu tayari."

Hapo ndipo ninapokasirika, maana jibu hilo nimelisikia kwa mafundi wengi mno. Springi ilitiwa ugumu wa kupinda na kurudi chini ya lori, nao ni mdogo kuliko ugumu anaoutaka mpara samaki. Na hata huo mdogo, ukishakichemsha chuma hadi kikawa chekundu ukakiacha kipoe polepole, umeufuta. Kilichobaki ni pambo.

Mtaniambia hamna kipimo cha joto. Sumaku ya spika mbovu inatosha! Chuma kikikaribia nyuzi 770 kinaacha kushikwa na sumaku. Ukifika hapo, kipandishe kidogo tu, rangi isawazike kutoka ncha hadi kwenye msuka, ile sehemu inayoingia kwenye mpini, kisha kizamishe wima kwenye mafuta, ncha ikitangulia. Fanya kazi hii kivulini au jioni. Kwenye jua la saa sita rangi ya moto inakudanganya, utadhani chuma bado kumbe kimepitiliza, na kilichopitiliza kinavunjika ovyo.

Mwingine atasema maji yapo ziwa zima, mafuta ya nini? Bapa jembamba la springi ukilichovya kwenye maji, mara nyingi utasikia "ti!" Huo ni ufa. Tumia mafuta ya kula, ya alizeti au ya pamba, yapashwe hadi nyuzi 50 au 60. Oili chafu ya injini iacheni. Moshi wake unaingia mapafuni, na kisu hiki kinakwenda kukata chakula cha watu.

Kikitoka kwenye mafuta, kijaribu kwa tupa: inatakiwa iteleze. Ila usikipeleke sokoni bado, kikidondoka sakafuni kinaweza kukatika vipande viwili. Kisugue mpaka weupe uonekane, kitie kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa mbili, kipoe, kisha saa mbili tena. Kinatoka na rangi ya manjano ya mabua makavu. Ukiona zambarau, umezidisha. Huna oveni? Mama anayeoka keki mtaani kwako anayo, mlipe. Baada ya hapo, ukirudi kwenye grinda, gusa chuma kwa kidole kila mara. Kikianza kuunguza, kitie kwenye ndoo ya maji, joto lisije likafuta ugumu.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya Wazungu tunayaokota mtandaoni. Hapana! Ng'ambo ya ghuba, Uzinza, Warongo waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyofika Usukuma, na watu wakatoa majembe hayo mahari. Upande wa Kagera, wanaakiolojia wamefukua tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Moto ni wa kwetu. Tumeuacha kwa sababu grinda inaleta mng'aro haraka.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi ala, mfuko wa kisu, kwa haraka, mafundi ngozi mnivumilie. Msishone ala kwa ngozi ya kromu, ile ambayo mara nyingi ukiikata ndani inaonyesha ubluu. Chumvi zake zinaleta kutu kwenye chuma cha kaboni. Chukueni ngozi iliyotengenezwa kwa magome, kama ya miwati. Kati ya kingo mbili, pale makali yanapopita, wekeni ukanda wa ngozi, la sivyo kisu kitakula uzi. Uzi wenye nta, sindano mbili zipishane katika kila tundu. Kisha ilowesheni ngozi, kisu kikiwa kimeviringishwa nailoni kisukumeni ndani, bonyezeni kwa vidole hadi umbo litokeze, mkaushe kivulini. Na mteja aambiwe: kisu chenye maji ya samaki hakilali ndani ya ala, kitaamka na kutu.

Mipini na gundi siwezi kuifikia leo. Walioleta visu wavipange hapa mezani, tuanze na vya springi.