Riba Ina Kikomo

Asanteni kwa kufika, akina mama, na nyinyi akina baba mliosimama mlangoni. Nimekuja na karatasi moja tu, hii hapa. Walio nyuma hawaioni vizuri: ni barua ya benki, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo inachanika, maana kwa miezi miwili nilitembea nayo pochini nikiogopa mume wangu asije akaiona.

Nilikopa shilingi 300,000, nikanunua cherehani na kulipia kodi ya kibanda. Mwaka na nusu nililipa vizuri. Kisha nikaugua, kibanda kikafungwa, deni la msingi, yaani pesa zenyewe nilizokopa bila riba, likakwama kwenye 180,000. Miaka ikapita, barua ikaja: lipa 497,000, la sivyo dalali anakuja. Nikaenda tawini. Karani alikuwa kijana mwenye adabu, akanigeuzia kompyuta kidogo, akasema, "Mama, mashine ndiyo inayohesabu." Nikamshukuru, nikarudi nyumbani. Hebu fikirini, nilimshukuru!

Aliyenifungua macho ni binti wa jirani aliyekuwa akisomea sheria. Aliniuliza swali moja: siku mkopo ulipokwama, msingi uliobaki ulikuwa kiasi gani?

Hapa naomba tusikilizane. Sheria ya Benki ya Kenya ina kifungu cha 44A, kilichoanza kutumika mwaka 2007. Mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipiki, na kwa kawaida ni malipo yakichelewa zaidi ya siku 90, benki inaweza kudai msingi uliobaki siku ile, riba isiyozidi msingi huo, na gharama za kufuatilia deni. Basi. Wanasheria wanaiita kwa Kilatini in duplum, yaani maradufu. Msingi wangu 180,000, riba haivuki 180,000 nyingine. Jumla 360,000, na gharama juu yake. Sasa ile 497,000 ilitoka wapi?

Nikaandika barua ya ukurasa mmoja. Nikataja kifungu, nikaomba mchanganuo wa kila shilingi, nikapeleka nakala mbili ili moja igongwe muhuri nirudi nayo. Muhuri huo msiuache, ndio ushahidi wenu mkifika Benki Kuu kulalamika. Baada ya wiki sita jibu likaja: 371,000, zikiwemo 11,000 za dalali. Shilingi 126,000 zimeondoka kwa karatasi moja. Wala hakuna aliyeniomba radhi, na hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu najua wangapi walilipa kiasi kilichoandikwa, wakauza hata ng'ombe.

Mama mmoja ameniuliza hapo nje kuhusu sheria ya riba, ile ya mwaka 2016 iliyofunga riba isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Ile iliondolewa Novemba 2019, usiende nayo benki. Kifungu cha 44A ndicho kilichobaki.

Wenye kadi za mkopo nao wana mtego wao, nao ni yale malipo ya chini kabisa ya mwezi. Tuseme unadaiwa 50,000, riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, na benki inakuomba asilimia 5 tu. Unalipa 2,500, roho inatulia. Lakini 1,750 imekwenda kwenye riba, deni limepungua 750. Kwa mwendo huo utazeeka nalo. Na ukitoa pesa taslimu kwa kadi hiyo, riba kwa kawaida huanza siku hiyo hiyo, husubiriwi mwisho wa mwezi.

Kuhusu CRB, yaani ofisi zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, nitasema kwa ufupi: una haki ya ripoti yako moja bila malipo kila mwaka. Iombe hata kama hudaiwi. Nimeona mtu amenyimwa mkopo kwa deni alilokwisha kulimaliza, na risiti anayo kabatini.

Sasa muda umekwenda. Pale dirishani kuna meza, na yule binti wa jirani niliyemtaja amekaa pale, siku hizi ni wakili. Aliyekuja na taarifa ya akaunti amwendee. Tafuteni kwanza tarehe ya malipo ya mwisho, muichoree mstari kwa kalamu. Kalamu ninazo.