Majibu ya GeneXpert: yanasema nini, na yananyamaza wapi

Wenzangu wa kliniki za kifua kikuu, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie vipimo vya usugu wa dawa, nami nitang'ang'ania jambo moja linalotukera sisi wa maabara: majibu ya GeneXpert, ile mashine inayosoma jeni za vimelea vya kifua kikuu, yakirudi "usugu wa rifampisini haujaonekana", yaani usugu kwa mojawapo tu ya dawa kuu za ugonjwa huu, wengi wenu mnasoma "dawa zote zinafanya kazi". Sivyo.

Katriji ya kawaida, yaani kikopo cha sampuli kinachoingizwa kwenye mashine, tangu ile ya kwanza iliyopitishwa na WHO mwishoni mwa 2010, huchungulia kipande kidogo tu cha rpoB, jeni ya kimelea inayohusika na usugu wa rifampisini. Ikikuta badiliko pale, inatangaza usugu wa rifampisini. Kwa isoniazidi, dawa nyingine kuu, haijaulizwa, haina la kujibu. Mwenye usugu wa isoniazidi peke yake atapita hapo kama hana neno.

Eswatini yaliwakuta makubwa zaidi. Katika vimelea sugu vya utafiti wao wa kitaifa wa 2009, asilimia 30 hivi vilikuwa na badiliko nje ya kipande hicho. Katriji haikuweza kuliona.

Ndiyo maana bado tunaotesha vimelea maabara, hata mkilalamika kwamba tunawachelewesha. Tunachukua mirija miwili ya chakula cha majimaji. Mmoja tunautia dawa, kisha vimelea kwa wingi wake. Wa pili hauna dawa, ila vimelea vyake tumevizimua mara 100. Wenye dawa ukiota sawa na huo wa pili, au ukautangulia, basi walau kimelea kimoja kati ya mia hakijali dawa, na tunaandika "sugu". Mtaniuliza, asilimia moja tu? Ndiyo. Dawa itaua vile tisini na tisa, hicho kimoja kibaki na mapafu yote kikizaliana.

Na kuotesha nako si msahafu. Mwaka 2021 WHO ilishusha kiwango cha rifampisini kinachotiwa kwenye mirija yenye dawa kutoka mikrogramu 1 hadi 0.5 kwa mililita, kwa sababu vimelea vyenye usugu hafifu vilikuwa vikitupenya.

Sasa ombi langu. Mgonjwa akimaliza mwezi wa pili na makohozi bado yana vimelea, leteni sampuli nyingine, na kwenye fomu mwandike kama aliwahi kutibiwa, kwa dawa zipi. Fomu nyingi zinatufikia na jina na umri tu, na hapo sisi tunajuaje kwamba huyu si mgonjwa mpya?