Geti la Shilingi 148,000, Mtoto wa Shilingi 60,000

Ndugu zangu, mkiniuliza mwanamke wa Tanzania anapunjwa wapi katika ujira, sianzii kwenye ofisi ambamo karani wa kike na wa kiume wanakaa meza moja. Hapo sheria ina meno: ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Ninaanzia kwenye jedwali la kima cha chini cha mshahara.

Chukueni lile lililotumika kuanzia Januari 1, 2023 hadi mwisho wa 2025. Mfanyakazi wa mgodi mkubwa, shilingi 500,000 kwa mwezi. Kibarua wa shamba, 140,000. Dada wa nyumbani anayekuja asubuhi na kurudi kwake jioni, 120,000. Anayelala kwa mwajiri, 60,000. Jedwali zima halikutaja mwanamume wala mwanamke, lakini sote humu tunajua ni nani yuko mgodini na ni nani yuko jikoni.

"Anakula kwangu, analala kwangu." Jibu hilo nimelisikia hata kwa watu ninaowaheshimu sana. Basi tupige hesabu. Sheria inaweka saa 45 kwa wiki, kama 195 kwa mwezi. Akifanya hizo tu kwa ujira huo wa 60,000, saa yake moja ni shilingi 308. Lakini nani kati yetu ana dada wa saa 45? Anaamka kabla ya adhana kuwaandaa watoto wa shule, na halali mpaka sufuria la mwisho lioshwe. Tuseme saa 14 kwa siku, siku 26: saa moja inashuka hadi shilingi 165. Na chumba tunachomhesabia kama malipo ndicho kinachomfanya aamshwe usiku mtoto akilia.

Wala kazi hii haikuzaliwa ya kike. Enzi za mkoloni, katika nyumba za Wazungu pale Dar es Salaam, wapishi na watumishi wengi walikuwa wanaume. Waliitwa "boi", hata mwenye mvi. Lilikuwa jina la kudhalilisha, lakini ile ilihesabika kuwa ajira. Ilipohamia kwa wasichana tukaanza kusema "ananisaidia nyumbani". Neno hilo linaniuma, kwa kuwa msaada haudaiwi ujira.

Wapo wanaosema wasichana wahamie basi kwenye sekta zinazolipa. Wahamie! Ila mlangoni watakutana na hesabu nyingine: likizo ya uzazi ya mama ni siku 84, ya baba ni siku 3. Mwajiri anayewaza nani atakosekana kazini ameshaiona tofauti hiyo kabla hajafungua vyeti. Siku za baba zikiongezwa, atakayenufaika kwanza ni binti anayeomba kazi.

Kwa bodi ya mishahara nina ombi moja. Mnapopanga kima cha kazi za nyumbani, msiilinganishe na mfuko wa mwajiri peke yake. Ilinganisheni na kazi ya jirani. Katika jedwali lilelile, mlinzi wa kampuni ndogo aliwekewa 148,000, na anastahili kila senti. Huyo analinda geti. Ndani ya geti hilohilo yuko binti aliyeachiwa mtoto wa miezi minne tangu saa kumi na mbili asubuhi, naye aliwekewa 60,000.