Kwani Mbeya hakuna udongo?

Mugonile, wa Tukuyu na wa Mbeya mjini. Wengine wote, habari zenu. Leo mniwie radhi, sijapaka hata poda. Nimetoka maabara sasa hivi, na taa ya chumba hiki ndiyo hiyo mnayoiona.

Nimekaa wiki tatu nikisema hii video siifanyi. Lakini swali ni lile lile. Kila nikiweka picha nimevaa koti la njano, nimechuchumaa kwenye mawe, lazima mtu aandike: "Dada, umepanda ndege mpaka Ulaya kwenda kusoma udongo? Kwani Mbeya hakuna udongo?" Chini yake vicheko vinajaa. Na mimi nacheka, halafu usiku sipati usingizi. Basi leo najibu mara moja. Atakayesema naringa, aseme. Atakayesema nalalamika wakati nipo Ulaya, naye aseme. Yote mawili nimeshaambiwa, tena na mtu mmoja, siku moja.

Jibu langu: udongo upo, hela ya kuusoma ndiyo haikuwepo. Niliomba nafasi kumi na moja za PhD, yaani shahada ya uzamivu. Mbili zilikuwa za udongo wa mashamba, na ndizo nilizozitaka kwa moyo wote. Sikupata. Iliyonijibu ni ya barafu. Mimi barafu niliyoijua ni ile ya asubuhi ya mwezi wa sita kule Kitulo, nyasi nyeupe kama zimemwagiwa unga, jua likichomoza imekwisha. Sikuichagua. Barafu ndiyo ilikuja na mkataba.

Na huo mkataba, kwa vile mnauliza. Hapa Ujerumani mwanafunzi wa PhD mara nyingi anaajiriwa. Wangu unasema asilimia 65. Hiyo 65 ni ya malipo, kazi ni mia. Kiswahili chetu kina neno moja tu, kodi, na mimi napigwa zote mbili: ya serikali kabla mshahara haujanifikia, na ya chumba ukishafika. Chumba ni euro 520, choo tunagawana watu wanne. Hapo bado bima ya afya, ambayo hawakuulizi kama unaitaka. Kinachobaki sikitaji. Mara ya mwisho nilipokitaja, shemeji yangu alikizidisha kwa shilingi, kesho yake akanitumia hesabu ya mabati.

Haya, ninasoma nini. Barafu kubwa ya mlimani inapoyeyuka na kurudi nyuma inaacha ardhi wazi, ardhi ambayo haijapigwa na jua kwa miaka mingi sana. Sisi tunakwenda Svalbard, visiwa vya Norwei, nyuzi 79 kaskazini, kwenye barafu inayoitwa Midtre Lovénbreen, jirani na kijiji cha Ny-Ålesund. Ukisimama mdomoni mwa barafu, udongo ulioukanyaga una miaka michache tu. Geuka, tembea kuelekea baharini, na kila hatua umri unaongezeka. Ukifika kama kilomita moja, upo kwenye ardhi iliyoachwa tangu enzi za mababu. Pale karibu na barafu ni kijivu kitupu, changarawe na vumbi la mawe, kama mchanga ambao fundi ameuchanganya na saruji akaondoka. Ukichota na kijiko, baridi inapita kwenye glovu. Mbele kidogo unaona utando mweusi juu ya mawe. Hao ni bakteria, wanaishi kwa jua, na baadhi yao wanavuta naitrojeni, chakula cha mimea, kutoka hewani. Mbele zaidi kuna mimea mifupi, haivuki kifundo cha mguu.

Sasa, kwenye udongo, popote duniani, sehemu kubwa ya vijidudu wamelala. Hawajafa. Mkulima wa viazi wa Uyole au Makete hili sihitaji kumweleza: kiazi cha mbegu kikitoka shambani hukipandi kesho yake, kinakaa kwanza bandani mpaka kichipue. Hakijafa, ila bado hakijawa tayari. Shida ni kwamba ukichukua udongo ukatoa DNA yote, unapata majina ya kila mtu: aliye macho, aliyelala, na marehemu pia, maana DNA ya waliokufa inaweza kubaki udongoni muda mrefu. Ni kama daftari la mjumbe wetu, Mungu amrehemu, mpaka leo jina la babu limo na anahesabiwa kwenye mchango wa mtaro.

Tunachofanya sisi ni kupika. Tunawapa asidi amino, yaani tofali la kujengea protini, ila ya bandia, yenye alama. Anayetengeneza protini, yaani anayefanya kazi, anaila bila kujua. Aliyelala haigusi. Baadaye tunaweka rangi inayoshika ile alama tu, tunawapitisha kwenye mashine inayoangalia seli moja moja, wanaong'aa huku, wasiong'aa kule. Msibani huhangaiki na daftari ukitaka kujua nani kala. Unaangalia mikono yenye mafuta. Kwa nini tunajali? Kwa sababu ardhi hizi mpya zinaongezeka, na kama unataka kujua zinameza hewa ya ukaa au zinaitoa, kuhesabu waliolala kana kwamba wanafanya kazi ni kujidanganya.

Wale wa "si uende Kilimanjaro": nimewasikia. Mwaka 1912 ile barafu ilikuwa karibu kilomita za mraba 12, mwaka 2000 zikabaki kama 2.6. Ningependa kwenda. Nilipie na nini?

Lakini hili ndilo lililoniuma. Mwaka wa kwanza sikwenda Svalbard kabisa. Hati yangu ya kuishi iliisha, nikaomba mpya miezi mitatu kabla, ofisi moja hapa mjini ikanipa karatasi ya muda. Svalbard ni ya Norwei lakini haimo kwenye Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani. Maana yake ukienda umetoka, na kurudi lazima uruhusiwe kuingia upya. Kwa ile karatasi hakuna aliyekubali kuniahidi kwamba nitarudi. Nilipiga simu mpaka nikawa naujua ule muziki wao wa kusubiria, nauimba nikiosha vyombo. Wenzangu wakaenda, wakachota, wakanitumia picha. Hati mpya ilikuja wiki mbili baada ya wao kurudi. Wenzangu wazuri sana, sina neno nao, ila mmoja aliniuliza, "Kwani kwa nini hukuomba mapema?" Nikanyamaza. Angekuwa mdogo wangu ningemrushia kijiko.

Mwaka uliofuata nikaenda. Ile picha ya koti la njano mnayoicheka, aliyenipiga ana bunduki begani, kwa sababu ya dubu weupe. Na pale kijijini Wi-Fi na Bluetooth ni marufuku, wana mitambo inayosikiliza mawimbi kutoka angani, basi kompyuta ni ya waya tu. Mama alipiga WhatsApp siku tatu, hola. Mpaka narudi, ukoo mzima ulishakubaliana kwamba nimeanza dharau.

Turudi Mbeya. Mwaka 1958 mtafiti anaitwa Birch, akiwa Muguga, hapo jirani Kenya, aliandika kwamba udongo uliokauka ukipata maji ghafla, vijidudu wanalipuka kwa kazi na naitrojeni inafunguka. Bibi zetu hawakumsoma Birch, ila wote walijua mvua ya kwanza haikukuti huna jembe. Hao wanaoamka na mvua ya kwanza Rungwe, kwenye ule udongo wa volkano, ni akina nani? Nataka kujua kuliko mnavyodhani. Nilifikiria kubeba hata kopo moja. Udongo kutoka nje hauingii Umoja wa Ulaya hivi hivi, unahitaji kibali cha utafiti, hata ule wa Svalbard una karatasi zake. Na upande wa nyumbani kuna vibali vyake. Nimeshaandika barua nne. Moja imejibiwa: niandike kwa ofisi nyingine.

Mnaouliza mtapataje nafasi: mimi nilitafuta matangazo ya kazi, sio ya ufadhili. Hiyo ni njia yangu mimi. Kuna mwenzangu wa Iringa alipita njia tofauti kabisa na yuko vizuri kuliko mimi. Usiache kazi yako kwa sababu ya video yangu, nakuomba.

Na wewe baba mdogo, najua unatazama. Nimekujibu mara tatu: hakuna dhahabu. Ni udongo. Ukiniuliza tena namwambia mama.