Kitabu Kinauzwa Kabla Hakijachapwa: Wachuuzi wa Vitabu wa Hartford

Haya watazamaji wangu, wa Dar, Mombasa, Bujumbura na kokote mlipo, karibuni. Leo tuko Hartford, Connecticut. Hii nyumba ya matofali mnayoiona nyuma yangu alikuwa akiishi mwandishi Mark Twain, kuanzia 1874 hadi 1891. Watalii wanapiga picha, wanaondoka. Sisi tuzungumzie biashara iliyoleta sehemu kubwa ya umaarufu wake: vitabu vilivyouzwa mlango kwa mlango, kwa watu kujiandikisha kwanza. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mji huu ndio ulikuwa makao makuu ya kazi hiyo Marekani.

Wazo lenyewe halikuzaliwa hapa. Miaka ya 1790 mchapishaji Mathew Carey wa Philadelphia alikuwa na mchungaji mmoja, Mason Locke Weems, akizunguka na farasi kuuza Biblia na vitabu vingine vijijini. Kilichoifanya biashara ilipuke ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoisha 1865. Reli zimesambaa, kila mtu anataka kusoma habari za vita, na wapo wanajeshi waliorudi bila kazi, wajane, walimu wenye mishahara midogo. Hao ndio wakawa mawakala, yaani wachuuzi wa mlango kwa mlango. Mchapishaji hakuwalipa mshahara. Walikula kamisheni tu.

Sasa nifuatilieni vizuri hapa, maana ujanja wote uko kwenye kifaa kimoja: kitabu cha sampuli. Ukikishika unadhani ni kitabu kamili, kumbe ni vipande. Kurasa chache za mwanzo, kisha unaruka hadi katikati, halafu picha nzuri kuliko zote zimewekwa karibu karibu. Jalada la nje ni la bei moja, na ndani yake kumebandikwa vipande vya migongo ya majalada mengine, ili mteja aguse ngozi kwa kidole chake. Mwishoni kuna karatasi zenye mistari za kuandika jina, anwani na aina ya jalada. Wakala alikinunua kwa pesa yake mwenyewe, akapewa eneo lake, tuseme wilaya moja, na hakuna mwingine wa kampuni ile aliyeruhusiwa kuuza humo.

Akiingia mjini hagongi mlango wa kwanza anaoukuta. Anaanza kwa mchungaji, daktari, hakimu. Sahihi za hao zinakaa juu kabisa ya orodha. Ukifika kwa fundi viatu, hana haja ya kuambiwa kitabu ni kizuri. Anaona mwenyewe nani katangulia. Wakala alifundishwa kutokuachia kitabu mkononi mwa mteja. Afungue kurasa yeye, kwa mpangilio wake, na maneno aliyokariri. Ukimwachia mteja, atagundua haraka kwamba hadithi inakatika ukurasa wa tatu. Tena asikioneshe mlangoni; kikionekana mapema, jibu ni "hatununui kitu".

Pesa nayo iligawanywaje? Chukua *The Innocents Abroad*, kitabu cha safari cha Twain kilichotolewa hapa hapa Hartford mwaka 1869 na American Publishing Company ya Elisha Bliss. Toleo la jalada la kitambaa liliuzwa dola 3.50, zaidi ya ujira wa siku mbili wa kibarua. Wakala wa kawaida alibaki na kama asilimia 40, wakala mkuu wa eneo naye akamega chake, mchapishaji akapata karibu nusu ya bei, na humo ndimo atoe karatasi, picha, kujalidi, na mwandishi. Twain alilipwa asilimia 5. Ndogo, lakini nakala kama 70,000 zilitoka mwaka wa kwanza.

Na ndiyo maana vitabu hivi ni vinene kama tofali. Huyo mkulima ataona dola zake zimekwenda wapi? Kwenye uzito! *The Innocents Abroad* kina kurasa 651 na picha 234. Kilichofuata, *Roughing It* cha 1872, kiliongezewa viambatisho mwishoni ili kifike unene. Binafsi naona baadhi ya kurasa zile ni maji kwenye maziwa, ila muuzaji alizihitaji. *Tom Sawyer* kilipotoka Desemba 1876 kikiwa na kurasa chini ya 300, mauzo ya mwaka wa kwanza hayakufika hata nusu ya yale ya *The Innocents Abroad*.

Wembamba haukuwa tatizo pekee. Kati ya mteja kusaini na kitabu kufika palikuwa na miezi, na pengo hilo liliacha mlango wazi kwa wezi. Kabla toleo la Marekani la *Tom Sawyer* halijatoka, Belford Brothers wa Toronto walishachapa lao bila ruhusa na kuliuza kwa bei ya chini. Sheria ya hakimiliki ya wakati huo haikuwagusa.

Siku ya kufikisha mzigo ndiyo ilikuwa kiama ya wakala. Vitabu vinakuja kwa reli, analipia yeye kwanza, kisha anapita kukusanya. Mmoja kahama. Mwingine anasema mume wangu hakukubali. Wa tatu mavuno yameharibika. Sahihi ni mkataba, ndiyo, lakini nani atamfikisha mtu mahakamani kwa dola tatu? Kwa hiyo wakala mzoefu aliahidi kufikisha baada ya mavuno au siku za mshahara, na akapita nyumba zote upesi kabla visingizio havijaambukizana mtaani.

Mwaka 1884 Twain alianzisha kampuni yake, Charles L. Webster & Company, New York, akiiendesha kupitia mume wa binti ya dada yake. Akaamuru *Huckleberry Finn* kisitoke mpaka ziwepo oda 40,000. Bei zilikuwa dola 2.75 kitambaa, 3.25 ngozi ya kondoo, 4.25 nusu moroko, yaani mgongo na pembe za ngozi laini ya mbuzi. Novemba ikagundulika kwamba mtu asiyejulikana alichezea bamba la picha moja na kuifanya ya aibu, na tayari ilikuwa imeingia kwenye sampuli za mawakala. Zawadi ya dola 500 ikatangazwa, mhalifu hakupatikana. Kurasa zikakatwa na kubandikwa upya, Krismasi ikapita, kitabu kikatoka Marekani Februari 1885. Kabla ya hapo, duka la Estes & Lauriat la Boston lilishakitangaza kwa 2.25. Twain alishtaki, akashindwa. Duka likiuza kwa bei ya chini, wakala aliyeapa kwamba "hakipatikani dukani" anaonekana mwongo mtaa mzima.

Kisha kampuni hiyo hiyo ikatoa kumbukumbu za Rais Grant, aliyekuwa jenerali katika vita vile vya wenyewe kwa wenyewe, juzuu mbili, Desemba 1885 na Machi 1886. Mawakala wapatao 10,000, wengi askari wa zamani. Seti zaidi ya 300,000. Februari 1886 mjane wake alipokea hundi ya dola 200,000.

Hata safari zetu ziliuzwa hivi. *In Darkest Africa* cha mpelelezi Stanley, juzuu mbili kuhusu msafara uliochukua mamia ya watu kutoka Zanzibar na kuishia Bagamoyo Desemba 1889, wachapishaji Scribner walikiuza Marekani kwa kujiandikisha mwaka 1890.

Webster & Company ilianguka Aprili 1894. Mzigo mmojawapo mzito ulikuwa seti ya juzuu 11 za fasihi ya Marekani, iliyouzwa kwa malipo ya kila mwezi. Yaani mali kauli! Wakala anadai kamisheni leo, mpiga chapa anadai leo, mteja analipa kidogo kidogo. Kadiri walivyouza seti nyingi, ndivyo walivyozidi kukopa benki, na hali mbaya ya uchumi ya 1893 ikawakuta hapo.

Ukiwa Philadelphia, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kina mkusanyiko mkubwa wa sampuli hizi. Na ukiona kitabu cha zamani mnadani, angalia namba za kurasa kama zinaruka ghafla, papasa ndani ya jalada kama kuna vipande vya migongo, kisha fungua nyuma kabisa. Kwenye ile mistari, mara nyingine majina bado yapo, kwa penseli, na pembeni: kitambaa, kitambaa, kondoo, kitambaa.