Mtoto wa Nguruwe Atetemeke Mpaka Lini? (Mhadhara kwa wafugaji, Molo)

Naona wengine mmeanza kucheka. Ndiyo, ni nguruwe tena, na mwenye usingizi alale.

Mwanakondoo akidondoka hapa Molo alfajiri ya Julai, amelowa chapachapa, ana pa kuanzia. Kuzunguka figo zake kuna mafuta ya kahawia, na seli za mafuta hayo zimejaa mitokondria, vijitanuri vya seli, zenye protini iitwayo UCP1. Kazi ya protini hiyo ni kuunguza akiba pasipo msuli kusogea, joto tupu litoke. Ni matatu iliyowashwa stejini bila gia: haiendi popote, lakini gusa boneti uone.

Nguruwe hana. Ukoo wake uliipoteza UCP1 takriban miaka milioni 20 iliyopita. Mwaka 2017 wanasayansi wa China waliwatia nguruwe jeni hiyo kutoka kwa panya, wakapata watoto 12 waliostahimili baridi vizuri zaidi. Nyinyi hamna maabara. Mna taa na nyasi kavu, na hata hizo mnazifanyia ubahili!

Mtoto wa nguruwe hutetemeka tu, akimaliza akiba ndogo ya sukari iliyo kwenye ini na misuli. Mafuta mwilini ni kama asilimia 2. Anataka nyuzi 34 hivi pale anapolala. Saruji yako asubuhi haifiki nusu yake. Akilegea hanyonyi dang'a, yale maziwa ya kwanza, asiponyonya anazidi kupoa, anajibanza kwa mamake apate joto, analaliwa. Halafu mnaniambia nguruwe jike ni mkatili.

Hapo hakosi mtu wa kuniuliza: mbona nguruwe-mwitu wa Ulaya huzaa penye baridi kali? Mzee wangu, yule hujenga kiota kwanza, cha nyasi na vijiti. Hata wako, siku moja kabla ya kuzaa, huparura saruji na kung'ata vyuma vya banda. Hajapagawa, anatafuta nyasi. Mpe!

Haya, baridi ya muda mrefu, ndiyo mada iliyo kwenye ratiba. Panya akiwekwa kwenye nyuzi 5 hutetemeka mwanzoni. Baada ya wiki tatu au nne kutetemeka kunakwisha, joto linabaki juu, kwa sababu mafuta ya kahawia yameongezeka. Lakini anakula zaidi, sana. Kwa hiyo lishe ya Februari msiipime vilevile Julai. Kondoo msiwanyoe Juni. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni inayohusika na joto la mwili, naiacha, mwenyekiti ananionyesha saa.

Maswali? Mama wa leso ya kijani, anza. La bei ya nyama muulize mwenyekiti.